Nipo Florida, matembele ya mbele ya nyumba yameniletea barua ya faini, nifanyeje?

BibiTembele:
Habari zenu wadau, wakubwa shikamooni. Naomba ushauri hasa nyie mlioko Marekani na zaidi mlioko Florida maana mi nimechanganyikiwa na mume wangu ananicheka tu, anasema nimeleta Kimara yangu huku.

Iko hivi. Tumenunua nyumba mwaka juzi baada ya kukaa apatimenti miaka yote. Nyumba ya kawaida vyumba vitatu ila ina eneo mbele na nyuma. Nyuma kuna mti mkubwa ile mialoni ya huku yenye manyoya ya kijivu yananing'inia, kivuli kutwa nzima, nilijaribu mchicha ukatoka mwembamba kama uzi nikaachana nao. Mbele sasa, jua linapiga toka asubuhi mpaka linazama. Nikasema jua lote hili linaunguza ukoka tu ambao hata mbuzi hatuna wa kuula? Nikang'oa majani upande mmoja wa njia ya gari, kama hatua nane kwa nne hivi, nikaweka mboji, nikapanda matembele, mchicha, bamia mashina sita, nyanya chungu na pilipili mbuzi. Marando alinipa mama mmoja Mkongo kanisani. Aisee yalikubali! Toka mwezi wa tano sijanunua mboga, nachuma asubuhi kabla ya kwenda kazini na nyingine nagawa.

Juzi nafungua sanduku la barua nakuta karatasi, imeandikwa bustani ya chakula hairuhusiwi sehemu ya mbele inayoonekana kutoka barabarani, niiondoe ndani ya siku 14 la sivyo faini dola 100 kwa siku. Na picha wameweka, bamia zangu zimepigwa picha kama mshukiwa polisi. Mi simtuhumu mtu ila kuna mzee nyumba ya pili alikuwa anapita na mbwa wake anasimama anaangalia, nikampa bamia mfuko mzima, akashukuru sana.

Sasa swali langu, kweli mtu anaweza kukataliwa kupanda mboga kwenye kiwanja chake alichokinunua kwa hela yake? Kuna sheria yoyote ya kunisaidia au ning'oe tu yaishe?

MzeeWaKitonga:
Ulimpa bamia ndo maana. Ungempa kisamvu cha nazi na wali angekuwa anakupalilia saa hizi.

Kaka_wa_Tampa:
Dada pole. Using'oe kitu kwanza. Una bahati upo Florida, maana hili jambo limepiganiwa hapo hapo na likatungiwa sheria, ngoja nikueleze maana wengi hawaijui hii habari.

Kuna kijiji kimoja kinaitwa Miami Shores, ni mji mdogo tu karibu na Miami. Mama mmoja Hermine Ricketts, asili yake Jamaica, na mumewe Tom Carroll walikuwa na bustani ya mboga mbele ya nyumba miaka 17. Sababu yao kama yako tu, nyuma hakuna jua la kutosha. Miaka 17 hakuna aliyelalamika, halafu 2013 kijiji kikabadilisha kanuni zake kikasema mboga ni nyuma tu, ukionekana nazo mbele faini dola 50 kwa siku. Wale wazee wakang'oa maana hiyo hela nani ataiweza, halafu wakaenda mahakamani.

Sasa sikiliza kichekesho. Kwa kanuni ile mbele ya nyumba uliruhusiwa kuweka miti ya matunda, maua, hata wale ndege wa plastiki wa pinki, ila kabichi hapana. Mawakili wao wakalisema hilo na bado wakashindwa 2016, wakakata rufaa wakashindwa tena 2017, majaji wakasema mji una haki ya kutunza muonekano wake na kupanda mboga mbele ya nyumba sio haki ya msingi. Mahakama ya juu ya jimbo nayo ikakataa kuisikiliza. Ikabidi waende kwa wabunge wa jimbo, na hapo ndo wakashinda, sheria ikapita na ikaanza kazi Julai 1, 2019, inasema kaunti wala mji hauruhusiwi kudhibiti bustani za mboga kwenye nyumba za kuishi. Wanaweza kukubana mambo ya maji wakati wa ukame, au mbolea, au mimea vamizi, basi. Siku hiyo hiyo yule mama akapanda tena.

Kwa hiyo kama barua yako imetoka mji au kaunti, hiyo barua haina meno. LAKINI angalia vizuri juu kabisa imeandikwa imetoka kwa nani. Hilo ndo swali kubwa kuliko yote, maana kila kitu kinaanzia hapo. Ni mji au ni HOA, yaani chama cha wenye nyumba wa mtaa?

Ipagala_kwetu:
Hahaha mnadhani ni huko tu. Mi nipo Dodoma, mahindi mjini hapa ni kesi. Mama yangu alipanda mahindi kiwanjani kwake kabisa, yalipofika kifuani mtendaji akaja na barua na mgambo nyuma yake. Ukiuliza sababu wanakwambia yanaficha vibaka na mbu wanazaliana. Vibaka sawa, ila mbu anazaliana kwenye maji, mahindi yanahusika nini hapo sijawahi kuelewa. Mboga fupi fupi hawakusemi, mchicha, matembele, chainizi, hata mbele ya nyumba weka tu. Tatizo la mjini kwetu ni urefu wa zao, huko kwenu tatizo ni kwamba linaliwa!

Kanjo_Hapana:
Huku Nai kaunti ilipitisha sheria ya kilimo cha mjini 2015, kabla ya hapo kanjo, yaani askari wa kaunti, walikuwa wanakufyekea sukuma na huna pa kulia. Saa hii watu wanapanda kwa magunia tu, Kibera hiyo ni kitu ya kawaida sana, gunia moja unajaza mchanga, unaweka mawe katikati ya kupitisha maji, unatoboa kando kando unapanda sukuma pande zote. Mama ya Florida jaribu gunia, wakikuja unabeba unaingiza kwa nyumba, wakienda unatoa.

BibiTembele:
Jamani asanteni. @Kaka_wa_Tampa nimesoma habari ya huyo mama wa Jamaica nimefurahi mpaka nikamwita mume wangu, nikamwambia unaona, halafu nikaenda kuangalia barua vizuri... ni HOA. Sio mji. Juu kabisa kuna jina la mtaa wetu na nembo ya bata. Mi nilidhani ni kitu kimoja jamani, si wote wanatuma barua na wote tunawalipa!

Kaka_wa_Tampa:
Hapo ndo pagumu sasa dada. Hiyo sheria ya 2019 inazibana serikali, yaani mji na kaunti. HOA sio serikali, ni chama cha wenye nyumba, na siku unanunua nyumba kwenye lile rundo la makaratasi ulisaini kwamba utafuata masharti yao. Kwa hiyo usiende kuwatajia Miami Shores utapoteza muda.

Ila na wao wana mipaka yao. Sheria ya Florida inawataka hivi: faini isizidi dola 100 kwa kosa, wanaweza kuihesabu kila siku ila jumla isizidi 1,000 labda masharti yao yenyewe yawe yameandika vingine. Na hawawezi kukutoza kabla hawajakupa taarifa ya siku 14 na nafasi ya kusikilizwa mbele ya kamati ya watu wasiopungua watatu, na hao watu wasiwe viongozi wa chama wala mke wala mume wala ndugu wa kiongozi. Kamati ikikataa, faini imekufa. Kwa hiyo hizo siku 14 unazoziona sio za kung'oa, soma vizuri, inawezekana ndo taarifa ya kikao.

Kingine, sheria inasema HOA haiwezi kukuzuia kuweka vitu ambavyo havionekani kutoka mbele wala kwa jirani, na bustani ya mboga imetajwa humo kwa jina. Najua nyuma kwako kuna kivuli, ila ubavuni je? Nyumba nyingi zina kaupande kana jua la mchana.

Fanya hivi: tafuta lile rundo la makaratasi usome sehemu ya mimea neno kwa neno. Omba kikao kwa maandishi. Usiwapigie simu, andika, na utunze kopi.

LawiAtlanta:
Mi ntasema ukweli hata kama nitachukiwa. Mlinunua kwenye HOA kwa sababu mtaa ni msafi, nyumba hazishuki bei, hakuna mtu anatengeneza gari bovu kwenye majani. Sasa mnataka usafi wa wengine ila sheria zisiwaguse nyie. Mi nipo kwenye kamati ya mtaa wetu, mnajua tunachopokea? Mtu anaanza na nyanya mbili, mwezi wa tisa anasafiri, bustani inakuwa msitu, panya, nyoka, halafu jirani anauza nyumba anakosa mteja. Huyo mzee wa mbwa labda anataka kuuza nyumba yake.

BibiTembele:
Kaka Lawi nakuheshimu ila ukoka wangu kabla sijaung'oa ulikuwa nusu umekufa, vipande vya njano njano na siafu wekundu wa huku, hakuna aliyenipiga picha. Sasa kuna kijani mpaka barabarani ndo naletewa picha? Na mi sisafiri, nauli ya Dar unaijua mwenyewe.

LawiAtlanta:
Hapo kwenye nauli tuko pamoja. Sikatai dada, nakwambia tu jinsi kamati inavyofikiri ili ukienda ujue. Ukienda na hasira watakutoza. Ukienda na picha ya kabla na baada, na ahadi ya maandishi kwamba itakuwa safi mwaka mzima, una nafasi.

MamaUvira:
Dada mimi ni Mkongomani, niko Kentucky. Mimi ntakuambia siri moja na utanishukuru. Enda kwenye duka lolote la maua la hapa, utakuta wanauza matembele! Ndiyo, matembele, wanaita ua. Kuna ya majani ya zambarau na ya kijani mwanga, wazungu wanaweka kwa vyungu mbele ya mlango na kando ya njia, ni kiazi kile kile tu familia moja na jina moja la kisayansi, tofauti ni kwamba hii wameichagua kwa rangi. Mimi mwaka wa kwanza nilicheka hadi machozi, nikamwita bwana yangu nikamwambia ona hawa watu wanauza sombe ya viazi dola sita chungu kimoja na hawaile.

Kwa hiyo wewe panda kama ua. Usipange kwa mistari, mistari ndio inawaambia hapa kuna shamba. Fanya duara, zungushia mawe, weka matandazo ya magome ya mti yale meusi, katikati tia maua mawili matatu ya kweli. Bamia nayo ua lake ni zuri, la njano na katikati nyekundu, ni ukoo mmoja na haibiskasi, na choya pia inapendeza. Lengalenga ile nyekundu watu wanapanda kwa urembo tu. Jirani yangu alinisifia bustani mwaka mzima na mimi nakula tu.

Onyo moja, ile mboga ya majini ya Waasia, wanaita kangkong, inafanana matembele sana, usipande Florida bila kibali, serikali imeiweka kwenye mimea mibaya kwa sababu inaziba mito na mifereji. Hiyo siyo HOA, hiyo ni kesi ya kweli.

MzeeWaKitonga:
Sombe ya viazi dola sita!!! Naacha kazi natafuta viza.

Fundi_bomba_Orlando:
Wamesema mengi ya sheria mi niongezee ya ardhini maana hakuna aliyegusa. Kwanza mbele ya nyumba ndo kunapita vitu vyote, bomba la maji, gesi, umeme, nyaya za intaneti. Kabla hujachimba piga 811, ni bure, wanakuja kuchora rangi ardhini mabomba na nyaya za makampuni zinapopita. Nimeshaona mtu amekata waya wa mtaa mzima kwa jembe anatafuta viazi. Pili kama nyumba yako inatumia septiki, uliza lile eneo la kunyonyea maji machafu liko wapi, nyumba nyingine liko mbele, pale mboga za majani na viazi usipande kabisa. Tatu nyumba ikiwa imejengwa kabla ya 1978 rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi (lead), inabanduka inaingia kwenye udongo karibu na ukuta, na mboga za majani ndo zinabeba hilo vumbi. Ofisi ya kilimo ya kaunti wanakuelekeza jinsi ya kupima udongo kwa hela kidogo. Ukiwa na wasiwasi tengeneza boksi la mbao ujaze udongo wa kununua, na boksi likipakwa rangi vizuri hata HOA linawatuliza, sijui kwanini wazungu wakiona mbao tu wanasema hiyo ni landiskepu.

Kanjo_Hapana:
Na ile barabara ya miguu na barabara ya magari, kale kamajani ka katikati, hako usiguse, hako ni ka jiji. Los Angeles kuna jamaa anaitwa Ron Finley alipanda mboga hapo 2010, akapewa barua, watu wakaweka sahihi, jiji likalegea. Lakini sio kila mtu ni Ron Finley.

BibiTembele:
Narudi na mrejesho, samahani nimekaa kimya wiki tatu, kazini walitubana.

Nyumba ni ya 1994 kwa hiyo ile ya risasi nimepumua. Septiki hatuna. Makaratasi nimeyasoma, kurasa mia na kitu, nililala juu yake mara mbili. Nikakuta kumbe hawajaandika mboga popote! Wameandika mbele pawe na ukoka na "mimea ya urembo iliyo kwenye orodha", halafu orodha yenyewe iko mwisho kabisa kurasa mbili. Sasa @MamaUvira Mungu akuweke, nashuka na kidole mstari kwa mstari, nakuta kiazi cha urembo kimo! Kimeandikwa na jina la kisayansi kabisa. Nilipiga kelele mpaka mtoto akaamka.

Nikaandika barua kuomba kikao kama Kaka wa Tampa alivyosema. Kikao kilikuwa chumba cha pembeni ya bwawa la kuogelea, wazee watatu, mmoja mama wa makamo anaandika andika. Nikawapa picha za kabla na baada, @LawiAtlanta nimekutii sikuenda na hasira, nilivaa na kitenge kizuri. Nikawaonyesha orodha yao wenyewe. Yule mwenyekiti akavaa miwani akasoma, akamwangalia mwenzake, akaniuliza lakini wewe si unayala? Nikamwambia orodha haijasema nisile. Yule mama akacheka akainamia karatasi zake.

Wameamua hivi: matembele yanabaki, ila niyazungushie ukingo na yasitambae njia ya miguu. Pilipili zinabaki kwa sababu wanasema zina rangi, sawa, mi sibishani. Mchicha, nyanya chungu na bamia nihamishie ubavuni nyuma ya uzio, nimepewa siku 30. Faini hawajaniandikia. Ubavuni jua linafika saa nne mpaka saa tisa, mchicha na bamia zitajitahidi, nyanya chungu sijui.

Na aliyenishtaki sio mzee wa mbwa jamani! Mzee alikuja mwenyewe kuniuliza bamia zimeenda wapi. Nimemwonea bure wiki zote hizo.

Kaka_wa_Tampa:
Safi sana dada. Sasa waombe hayo maamuzi kwa maandishi, na sahihi. Viongozi wa HOA wanabadilika kwenye uchaguzi, mwakani anakuja mwingine na kamera yake.

Ipagala_kwetu:
"Orodha haijasema nisile" hii naiweka kwenye profaili.

Mgeni_Raleigh:
Dada nimefuatilia uzi wote kimya kimya, mi nipo North Carolina matembele sijala toka nitoke Tabora. Naomba unitumie marando kidogo kwa posta, gharama juu yangu.

MamaUvira:
Dada usimtumie! Kuna fukusi wa viazi huko Florida, majimbo mengi wamekataza marando ya kutoka huko kwa sababu yake, na North Carolina wanalima viazi vitamu kuliko jimbo lingine lolote, hapo watakufunga kweli. Kaka wa Raleigh, wewe uko kwenye nchi ya viazi, enda sokoni ununue kiazi kimoja tu, kile hakijapakwa dawa, kichomeke nusu kwenye glasi ya maji dirishani. Wiki mbili tatu utaona marando yanatoka yenyewe.

BibiTembele:
Haya umesikia kaka, marando yangu hayana viza. Likichipua rudi hapa nikuelekeze kuchuma, wanaume wengi mnakata ncha zote siku moja halafu mnalalamika hayakui.